Zabibu ya Mendwa, Shina la Mkunjauso

Hapo zamani, na hii si ile zamani ya sungura na fisi, ni ya juzijuzi tu, baba zetu walipokuwa wakivaa kaptula za kaki, palikuwa na kijiji huku kwetu Ugogo. Jina lake silitaji. Watu wake bado wapo, na wanapenda ugomvi. Sogezeni kreti karibu, tuchambue zabibu huku mnasikiliza. Mbovu kulia, nzima kushoto. Na wewe Sikitu, mkono wako unakwenda mdomoni kila mara. Nakuona. Sijasema kitu.

Katika kijiji hicho alikaa Mzee Chilongani na mkewe Mendwa. Mendwa alikuwa na mzabibu mmoja nyuma ya nyumba yao ya tembe. Zabibu zake nyeusi, ndogo, ngozi nyembamba, na utamu wake ulikuwa hauna haraka: unameza kwanza, halafu ndipo unausikia. Mche aliupata wapi? Hakuna anayejua. Alikuja nao siku aliyoolewa, ameufunga kwenye kanga.

Mendwa akafa. Hawakuwa na mtoto. Mzee akabaki na mzabibu. Kila msimu alichuma kichala cha kwanza, akakaa kizingitini, akala punje mojamoja. Watu wakipita wakamsalimu "Mbukwenyi," haitikii mpaka amemaliza. Nao walimwacha. Walijua yuko na mkewe.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mzee aliogopa: mzabibu huu ukifa, nitafanya nini? Akachukua mbegu za zabibu za Mendwa, akazipanda. Zikaota tisa. Akazilea kwa miaka mitatu, akizinywesha maji ya kisima chake. Zikazaa. Wa kwanza ukatoa zabibu nyeupe. Wa pili ukatoa kubwa, maji matupu. Wa tatu ukatoa chungu. Akaonja yote tisa. Mendwa hayumo! Mzee akalia kama mtoto, mbele za watu, bila kujificha.

Ninyi mnaocheka, mngejuaje? Mbegu ya zabibu ni mtoto, na mtoto ana baba, na baba wa zabibu ni upepo na nyuki, nani atamjua? Ukitaka mama mwenyewe, si mtoto wake, kata tawi lake. Tawi ni yeye yule yule.

Basi mzee akakata vijiti, akavichomeka ardhini. Vikachipua vizuri. Mchwa wakaja, wakala mizizi. Akachomeka vingine. Mchwa wakala. Zabibu ya Mendwa ilikuwa na utamu, lakini mizizi yake laini kama mlenda. Mwaka wa ukame ulipofika, mchwa wakaingia hata kwenye mzabibu mkubwa. Mzee akamwaga majivu, akamwaga mkojo wa ng'ombe. Wapi! Majani yakanyauka. Ndugu zake wakamwambia, "Ung'oe, uuchome moto, usije ukaleta mchwa mpaka kwenye tembe." Akaung'oa, akauchoma. Siku ile akalala, na kesho yake hakuamka kula, wala kesho kutwa.

Wazee wakaja kumtazama. Akawaambia, "Nina shamba langu la kisimani. Sina wa kumwachia. Atakayenirudishia zabibu ya Mendwa mdomoni mwangu kabla sijafa, shamba lile ni lake. Mtu mmoja. Kisima hakikatwi vipande." Wazee wakaitikia, wakawa mashahidi.

Nani atarudisha kitu kilichokwisha kuwa majivu?

Akaja jirani yake, Ndahani. Mtu mzima, mwenye mke na mbuzi zake, na heshima zake. Akapiga goti kitandani kwa mzee. "Baba, nina jambo, na lina aibu. Siku tuliyokuja kukusaidia kung'oa, nilikata kijiti kimoja, nikakificha ndani ya shati. Sikukuomba."

"Uliiba," mzee akasema.

"Niliiba, Baba. Niliitamani zabibu ile tangu utoto wangu. Nikakifunga kwenye gunia bichi, nikakiweka chini ya mtungi. Kila asubuhi nakilowanisha. Kiko hai. Ila nikikipanda, mchwa watakila kama wale wengine."

Mzee hakujua amkumbatie au ampige fimbo. Akafanya yote mawili: akamshika mkono, akamtukana, kisha akaomba uji.

Shikeni hilo, muweke upande: Ndahani aliiba, na kama asingeiba, kusingekuwa na kitu.

Sasa, pembeni ya kijiji, kwenye udongo wa chumvi ambao mbuzi huja kuulamba, alikaa mjane mmoja, Mbeleje, na wanawe wawili. Udongo ule haukuwa wake. Aliazimwa. Na mwenye nao alikwisha kurudi kutoka safari zake, akamwambia, "Dada, nitakuachia kwa sasa, lakini nikianza kulima, utafute pa kwenda." Pa kwenda hapakuwapo. Mbeleje alilijua hilo usiku na mchana, na lilimkaa rohoni.

Alikuwa na kitu kimoja tu cha kwake, mzabibu. Nao ulikuwa mzabibu wa kuchekwa. Zabibu zake kali! Ukila moja, jicho moja linafumba lenyewe. Watoto waliuita Mkunjauso. Lakini mchwa waliupita kama hawauoni, na ukame ulipoua mibuyu midogo, Mkunjauso ulikaa na majani yake mabichi. Mbeleje alitengeneza siki kwa zabibu zile, akauza sokoni, watoto wakala.

Akaja fundi. Fundi Yeriko, mpogoaji wa mizabibu, mtu wa kuzunguka mashamba na baiskeli yake na kisu chake. Akaona kijiti cha Ndahani. Akatembea kijiji kizima akitazama mashina, akasimama mbele ya Mkunjauso. Akasema, "Huu."

"Huu nini?" Mbeleje akauliza.

"Huu utabeba. Tunakata kichwa chake, tunapasua shina, tunachomeka kikonyo, kipande cha kijiti cha Mendwa. Mizizi inabaki ya huu, zabibu zinakuwa za yule."

"Na Mkunjauso wangu?"

Fundi akatazama kisu chake. Alikuwa hajafikiria hilo.

Mbeleje akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na macho mekundu. "Siki ndiyo inayotulisha," akasema. "Lakini yule mzee alinichimbia kaburi la mume wangu wakati ndugu wote wa marehemu walipokimbia. Kateni." Akageuka asione.

Fundi Yeriko alikuwa hodari, na alijua kwamba ni hodari, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijiti kile kilitosha vikonyo vitatu. Siku ile alikuwa na kazi nyingine kijiji cha pili, akaona afanye upesi, saa saba mchana, jua la kupasua kichwa. Akachomeka cha kwanza. Kikakauka. Akachomeka cha pili hapohapo. Kikakauka. Kikabaki kimoja.

Ndahani akamshika kola. "Yeriko! Nimeiba kwa ajili ya hicho!"

Basi fundi akatulia. Akalala pale kijijini. Alfajiri, umande bado upo, akakata shina upya, akachonga kikonyo kama kabari, akakilenga ili ngozi yake mbichi iguse ngozi mbichi ya shina, kwa sababu zisipogusana, hakuna kupokeana. Akafunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli yake mwenyewe, akapaka udongo na samadi. Akarudi nyumbani kwa miguu, akisukuma baiskeli isiyo na tyubu. Wiki ya tatu, jicho la kikonyo likafumbuka.

Shikeni hilo, muweke upande: fundi aliua viwili, na kama si mkono wake, hata kile cha tatu kisingeshika.

Kabla hajaondoka fundi alikuwa amemwambia Mbeleje, "Mama, chochote kitakachochipua chini ya kiungo, hapa nilipofunga, ng'oa. Hicho ni Mkunjauso anataka kurudi. Ukimwachia, atakula nguvu yote, mwenzake wa juu atakufa." Mbeleje akaitikia. Akaubebea maji ndoo kwa ndoo, miaka miwili, ndoo moja watoto, ndoo moja mzabibu. Akang'oa machipukizi. Yote, isipokuwa moja. Lilichipua upande wa nyuma, karibu na ukuta, na moyo wake ukakataa. Akaliacha. Akalifunika na gunia.

Mwaka wa pili, majani ya Mendwa yakaanza kupauka. Ndahani akaja kutazama, akazunguka nyuma, akafunua gunia. Tawi nene kama kidole gumba, limesheheni!

"Mama, umefanya nini?"

"Ulikuwa wa kwangu," Mbeleje akasema. "Nilitaka nibaki na hata kidogo."

Ndahani hakumgombeza. Akampa kisu. Mbeleje akalikata mwenyewe. Mwezi haukuisha, Mendwa akarudisha rangi.

Shikeni na hilo: Mbeleje aliukata mzabibu wake mara mbili, na katikati alikaribia kumuua Mendwa tena.

Ukaja msimu. Kichala kimoja, cheusi, kidogo. Wakamletea Mzee Chilongani kizingitini. Mzee alikuwa amekwisha, ni mifupa na blanketi. Akachukua punje, akaitia mdomoni. Akameza. Akangoja. Watu wakasogea karibu.

"Ni yeye," akasema. Machozi yakamtoka. Akala ya pili. Akatabasamu. "Ni yeye, lakini mwishoni pana ukali kidogo, pale pembeni mwa ulimi. Zamani haukuwapo. Mendwa amekaa sana kwa Mbeleje."

Watu wakacheka, na huku wanalia.

Ikaja zamu ya shamba. Wazee wakasema, kila mtu aseme lake.

Ndahani akasimama. "Mzee alisema atakayemrudishia zabibu ya Mendwa. Zabibu ya Mendwa ni kile kijiti. Shina lingekuwa jingine, fundi angekuwa mwingine, lakini kijiti kilikuwa kimoja duniani, na kilikuwa chini ya mtungi wangu. Mizizi haibadilishi kabila la zabibu. Jina langu limechafuka, watoto wangu wanaitwa watoto wa mwizi. Kama si mimi, Mendwa ni majivu."

Fundi Yeriko akasimama. "Kijiti bila shina ni kuni. Shina bila kijiti ni siki. Nani aliyevifanya kimoja? Mimi nazunguka kwa baiskeli, sina hata mti wangu mmoja wa kupogoa. Nakwenda kuwafanyia wengine mashamba. Kama si mimi, wangekuwa wamekaa wanatazamana, huyu na kijiti chake, huyu na shina lake."

Mbeleje hakusimama. Alisema akiwa amekaa. "Kila alichokuwa nacho Ndahani bado anacho, tena kijiti chake kimekuwa mzabibu. Kila alichokuwa nacho fundi bado anacho, ni mkono wake. Mimi nilichokuwa nacho ndicho kilichokatwa. Na mzee amesema mwenyewe, nipo mdomoni mwake." Akanyoosha mkono kuelekea kwake. "Jembe la ng'ombe la mwenye ardhi ninayokaa limekwisha kufika mpakani. Ijumaa analima. Sisemi hilo ili mnihurumie. Nasema kwa sababu ndiyo kweli."

Wazee wakakaa siku mbili. Mbuzi wawili wakaliwa. Mmoja akasema ahadi ni ahadi, ilisema zabibu ya Mendwa, ni ya Ndahani. Mwingine akasema mwizi hapewi zawadi kwa alichoiba. Wa tatu akasema huruma si hukumu, na wa nne akamwambia, "Na hukumu isiyo na huruma ni ya nini?" wakaanza kurushiana maneno. Wakamrudia Mzee Chilongani. "Baba, amua wewe," wakasema.

Mzee akasema, "Ulimi wangu umeshiba. Ulimi ulioshiba hauwezi kuhukumu. Nilisema mtu mmoja, sirudi nyuma. Amueni ninyi, na muamue kabla ya Ijumaa."

Haya. Kreti hili limejaa, leteni jingine.

Msiniulize shamba alipewa nani. Hilo mimi nalijua, na si kazi yenu. Maji mliyonawia asubuhi mmeyateka wapi? Kisima kile pale ndicho chenyewe. Na wewe Sikitu, hizo unazomeza tangu asubuhi ukidhani sikuoni, tulia kidogo. Meza. Ngoja. Umeusikia utamu? Na pembeni mwa ulimi, umesikia kitu?

Basi wewe umekwisha kula, na ulimi wako umeshiba kama wa mzee. Nawauliza wengine, ambao hawajala. Kesho ni Ijumaa, ng'ombe wamefungwa nira. Aliyeiba kikonyo, aliyeunganisha, na aliyekatwa: je, nani alistahili?