Uso wa Mwenye Mfereji

"Amgeuzaye mwenziwe kisogo huanika uso wake." Hivyo ndivyo Saru alivyomkanya hivi punde mwenzake aliyekuwa akimsukuma katikati ya mazoezi. Nyinyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo ameyatoa wapi. Hakuyatoa kitabuni. Miaka thelathini iliyopita hakuna mtu katika milima hii aliyekuwa ameyasema. Mimi nilikuwapo yalipozaliwa, na wanaohusika ni watu wazima sasa, nao wameniruhusu kuwataja kwa majina. Kaeni chini basi, mwache kulichezea hilo pazia.

Chanzo chake ni hiki.

Nilikuwa nikifundisha darasa la sita katika shule ndogo huku Taita, na alasiri tatu kila wiki nilisimamia kikundi cha maigizo. Jukwaa hatukuwa nalo. Tulisogeza madawati na kuchora mistari mitatu ya chaki sakafuni: wa kwanza karibu na watazamaji, wa pili katikati, wa tatu kando ya ukuta. Kila mchezaji aliujua mstari wake. Kanuni yetu ya kwanza ilikuwa kwamba wawili wanaposemezana, wasimame kwenye mstari mmoja, ili watu wazione nyuso zote mbili. Mmoja akirudi nyuma, mwenzake hulazimika kumgeukia ndipo azungumze naye, na hapo watazamaji hubaki wakitazama kisogo. Tuliirudia kanuni hiyo kila tulipoanza mazoezi, mpaka watoto wakawa wanaisema kabla sijafungua kinywa.

Aliyeielewa kuliko wote ni Mghoi. Kwa miaka miwili mfululizo alikuwa ndiye mchezaji wetu mkuu. Sauti yake ilikuwa kavu, imenyooka, na alipoingia jukwaani hakuna aliyekohoa. Mama yake aliuza mboga sokoni. Siku ya tamasha la drama alikuwa akifunga meza yake ili aje kumtazama, na kesho yake aliwauliza wateja, "Mlimwona wangu?" Mghoi aliyathamini maneno hayo mawili kuliko sifa zote nilizompa mimi.

Mwaka ninaousimulia tulipata mwanafunzi mgeni, jina lake Wakesho. Alikuwa amefiwa na baba, akaletwa kuishi na nyanya yake. Ukimwuliza swali darasani, alijibia ndani ya kiganja. Nilimwingiza katika kikundi bila kuona kipaji chochote kwake. Nilihofia tu kwamba mwaka ungekwisha kabla hatujamsikia. Mwisho wa uwanja palikuwa na tangi la maji. Nilimsimamisha mlangoni pa darasa nikamwambia, "Lisalimie lile tangi."

"Shikamoo," akasema.

"Limesikia?"

"Halijasikia, Mwalimu."

"Basi lisalimie tena."

Tulifanya hivyo kila siku ya mazoezi. Wiki ya nne, mpishi wa shule alikuwa ameinama nyuma ya tangi akiosha sufuria. Wakesho alipotoa salamu yake, sauti ikarudi kutoka kule: "Marahaba, mwanangu! Na unga umeletwa?" Kikundi kizima kikaangua kicheko. Wakesho naye akacheka, mdomo wazi, bila kiganja. Nikajua nimepata mchezaji.

Igizo letu mwaka ule liliitwa "Zamu ya Maji". Mwanamke tajiri aliyeitwa Mwenye Mfereji ameyazuia maji kwa jiwe huko juu mlimani, na shamba la mjane aliye chini linakauka. Binti wa mjane anapanda kwenda kumsihi. Anasema maneno mengi, naye Mwenye Mfereji anamsikiliza kimya. Mwishoni moyo unalainika, analiondoa jiwe, na maji yanashuka. Mwenye Mfereji ana sentensi mbili tu katika igizo lote. Kazi yake yote iko usoni.

Nilimpa Wakesho nafasi ya Binti, na Mghoi nikampa ya Mwenye Mfereji. Baada ya kengele Mghoi alikuja mezani pangu.

"Mwalimu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Kusema umekwisha kujua. Kusikiliza mbele ya watu ni kugumu zaidi, nataka ujifunze hilo."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilidhani jambo limekwisha. Nilikuwa nimefunzwa chuoni kwamba mtoto akielezwa sababu hutulia, na maelezo yangu niliyaona kuwa yamekamilika. Sikumtazama usoni alipokuwa akiondoka, nami ndiye niliyewafundisha watoto kutazama nyuso.

Yaliyompata Mghoi katika wiki zilizofuata nilisimuliwa na yeye mwenyewe alipokuwa mkubwa. Aliyakariri maneno yote ya Binti, na kila Wakesho aliposema, yeye aliyatafuna kimoyomoyo ili ayaseme vizuri zaidi. Wakesho akisita, kifua cha Mghoi kilikuwa chepesi. Wakesho akipatia, Mghoi alitazama kando. Alihesabu mara nilizosema "vizuri" na aliyeambiwa. Wavulana nao hawakumhurumia. Mwakio, aliyecheza nafasi ya mzee wa kijiji na asiyekosa neno, alimzunguka akimkagua kama anayenunua mbuzi.

"Mghoi, siku hizi umekuwa mti? Simama vivyo hivyo, ndege watakuja kutaga."

Mghoi alimpita Mwakio. Alimgeukia Wakesho, aliyekuwa amecheka kidogo pamoja na wengine. "Hata mimi," akamwambia, "baba yangu angekuwa amekufa, ningejua kulia vizuri hivyo."

Wakesho aliikunja leso yake ya mazoezi, akaikunjua, akaikunja tena. Hakumshtaki kwa mtu.

Siku ya tamasha ikafika. Lilifanyika mjini, katika ukumbi mkubwa, na shule mbili za kwanza ndizo zilizokuwa zipande ngazi inayofuata. Mistari ya chaki haikuruhusiwa mle, lakini watoto walikuwa wamekwisha kuipima kwa miguu. Mama Mghoi alikaa safu ya tatu, kapu lake miguuni. Mghoi alimwona alipoingia tu.

Wakesho alianza kusihi. Alianza chini, akapanda polepole, na ukumbi ukanyamaza kwa namna ambayo Mghoi aliitambua mara moja, kwa sababu ukimya ule uliwahi kuwa wake. Akamtupia mama yake jicho. Mama alikuwa ameinama mbele, mkono shavuni, akimtazama mtoto wa mtu mwingine.

Mghoi akarudi nyuma hatua moja.

Wakesho hakuwa na budi kumfuata kwa macho. Bega lake moja likageuka. Mghoi akarudi hatua ya pili, kisha ya tatu, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Sasa Binti alikuwa akiwaonyesha watu kisogo na kitambaa cha kichwani. Macho yote ya ukumbi yalimwacha, yakatafuta uso, na uso uliokuwapo ulikuwa mmoja tu. Mghoi aliyahisi yakimjia kama joto la jua mawingu yanapofunguka. Alifurahi. Furaha hiyo ndiyo watu waliyoiona, kwenye pembe za mdomo wake, huku sauti ya yatima ikiomba maji.

Mzee mmoja wa mbele akamwambia jirani yake, kwa sauti iliyosikika hadi jukwaani, "Hee! Huyu anafurahia nini, na mwenzake analia?"

Wapo waliocheka. Mghoi alipojaribu kuulainisha uso, kama igizo lilivyotaka, uso haukumtii. Aliondoa jiwe, maji yakashuka, na hakuna aliyeamini.

Tukawa wa tatu. Kwenye karatasi ya waamuzi palikuwa na sentensi moja niliyoisoma mara nyingi: "Maneno ya Binti tuliyasikia, uso wake hatukuuona." Nilikuwa nimesimama kando ya jukwaa na nilikuwa nimeziona zile hatua. Nikawapeleka tu watoto wakanywe soda.

Mama Mghoi ndiye aliyesema. Walikuwa wakipanda mlima kurudi nyumbani, mama mbele na kapu kichwani, mtoto nyuma.

"Mama, uliniona?"

"Nilikuona."

"Nilicheza vizuri?"

"Yule mtoto amekufanyia nini?"

"Mtoto yupi?"

"Usiniulize yupi. Mimi si mwalimu wako."

"Ni mchezo tu, Mama. Mwenye Mfereji ni mtu mkali."

Mama akasimama, akalitua kapu. "Mwenye Mfereji simjui. Uso ule naujua. Ulikuwa nao siku niliporudi kutoka hospitalini nimembeba mdogo wako. Ulisimama mlangoni ukaniambia nimrudishe nilikomtoa."

Mghoi akatazama chini.

"Watu wangewatazama nyote wawili," mama akaendelea. "Wewe umemgeuza mwenzako kisogo, ukaanika uso wako peke yake. Na jinsi ulivyokuwa, mwanangu, afadhali ungeufunika."

Walipokaribia nyumbani Mghoi akauliza, "Kesho sokoni utawaambia nini?"

"Nitawaambia sukuma wiki imeshuka bei."

Jumatatu tulikaa duara. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu baada ya kila onyesho: kila mmoja ataje kosa lake mwenyewe kabla hajataja la mwenzake. Mwakio alisema alisahau fimbo akaingia jukwaani na ufagio. Zamu ya Wakesho ilipofika, alisimama, akasema kwa sauti ambayo tangi lingeisikia:

"Kosa langu ni kwamba Mghoi aliporudi nyuma, nilimgeukia. Ilinipasa niendelee kuwatazama watu, nizungumze kana kwamba yeye yuko kulekule waliko. Sauti ilitosha, ila sikufikiri haraka."

Nilistaajabu. Miezi mitano kabla yake mtoto huyu hakuweza kutaja jina lake, na sasa alikuwa amelichambua onyesho kunishinda mimi. Lakini niliona pia kwamba alikuwa amemfungulia Mghoi mlango wa kutokea. Angekubali tu kwamba Wakesho ndiye aliyegeuka, mambo yangeishia hapo.

Mghoi alikuwa wa mwisho. "Mimi nilirudi nyuma kwa kusudi," akasema. "Nilihesabu hatua. Zilikuwa tatu." Kisha akatuambia maneno aliyoambiwa na mama yake njiani, bila kuacha hata la sukuma wiki.

"Na yale uliyosema ya baba yangu?" Wakesho akauliza.

"Nayo."

"Yaliniuma kuliko hizo hatua."

"Najua. Ndiyo sababu niliyasema."

Nilitaka kuingilia kati, niwape mikono, nifunge somo. Nashukuru nilinyamaza. Wakesho akasogea kidogo, Mghoi apate nafasi ya kukaa.

Wiki mbili baadaye ilikuwa siku ya wazazi, na tulitakiwa kuliigiza tena igizo letu, uani mwa shule. Mghoi alikuja mezani pangu kwa mara ya pili.

"Mwalimu, Binti anaposihi, naomba nisimame mstari wa kwanza, yeye abaki wa pili."

"Watu watakiona kisogo chako."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na kanuni yetu?"

"Inasema watu waone nyuso zote mbili. Mimi wangu wameshauona."

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nililifikiria jambo hilo siku mbili nzima ndipo nikakubali.

Siku hiyo Mghoi alisimama karibu kabisa na wazazi, amewapa kisogo, na Wakesho akawa ametazamana nao wote. Kila mtu uani aliuona uso wa Binti: hofu yake, haya yake, na jinsi hasira ilivyompa ujasiri. Nyanya yake alilia waziwazi na hakujifuta. Uso wa Mwenye Mfereji haukuonwa na yeyote kati yetu. Aliyeuona ni Wakesho peke yake. Karibu na mwisho alinyamaza ghafla mahali ambapo hapakuwa na kituo, na mimi nikadhani amesahau maneno. Baadaye aliniambia hakusahau. Alikuwa ameona, usoni mwa Mghoi, jiwe limeshaondoka kabla ya kuondolewa, akaona si adabu kuendelea kusihi.

Maneno ya mama yalibaki duarani kwa siku chache tu. Mwakio ndiye aliyeyatoa nje, uwanjani, alipomwambia mvulana mmoja asiyependa kutoa pasi, "Wewe mgeuze mwenzako kisogo tu, uso wako tunauona." Watoto wakayabeba hadi majumbani. Watu wazima wakayapunguza na kuyasawazisha, kama wafanyavyo na kila kitu wanachokipenda, na siku moja nikamsikia mzee wa mtaa akiyatumia barazani dhidi ya mtu aliyemchongea ndugu yake kwa chifu. Hakujua yalikotoka.

Mkiniuliza kama wivu ulimtoka Mghoi, sitawadanganya. Aliniambia ulimrudia mara nyingi, kila Wakesho aliposifiwa, hata walipokuwa wamekwisha kuwa marafiki. Tofauti ni kwamba zamani uliingia bila yeye kuujua, na sasa, ukibisha tu hodi, alijua una sura gani, kwa sababu ukumbi mzima uliwahi kuuona ukiwa umekaa juu ya sura yake.

Basi Saru hakukosea alivyomkanya mwenzake. Amgeuzaye mwenziwe kisogo huanika uso wake.