Gunia Ujiani kwa Bi Nyamizi

Mwanamke mmoja alikuwa na sufuria kubwa, nyumba ya mawe, na macho yaliyoliwa na moshi. Jina lake lilikuwa Bi Nyamizi. Alikuwa mpishi wa shughuli. Iwe arusi, iwe hitima, hakuna mtu mjini pale aliyethubutu kuinjika sufuria ya watu wengi bila kumwita yeye kwanza. Uzee ulipomfika, macho yalizima, miguu ikagoma, akawa wa kukaa tu katika chumba cha ndani kisicho na dirisha. Watu wakasema basi, pilau ya Bi Nyamizi imekwisha. Hawakujua wasemalo. Alikaa mle gizani, mgongo ukutani, akapika kama zamani, na wali wake haukuungua wala haukuwa bokoboko.

Alipika kwa kutumia wajumbe. Jiko lilikuwa upande wa pili wa ukuta mnene, na katika ukuta huo marehemu mumewe alichonga ujia mmoja, mwembamba kiasi kwamba mtu mnene asingejaribu. Wanawake watatu walipita humo. Mbele alikwenda Kalunde, mke wa mwanawe. Nyuma walifuata Kulwa na Doto, pacha, watoto wa mdogo wake Bi Nyamizi, wamejifunika kanga moja kwa sababu ya ubaridi wa mawe. Ukiwatazama kwa mbali ungedhani ni mtu mmoja. Kazi zao hazikufanana hata kidogo.

Kulwa alikuwa wa kusikia. Kati ya jiko na ujia paliwambwa ngozi ya mbuzi ya kuzuia moshi, na nyuma ya ngozi hiyo Kulwa alifunga vijiti vitatu vilivyoshikana. Cha mwisho kiligusa maji yaliyojaa katika kombe la konokono mkubwa. Sufuria ikinong'ona, ngozi hutetemeka. Ngozi ikitetemeka, vijiti hutetemeka. Na Kulwa, kidole chake kwenye kombe, huyasoma maji. Sauti nyembamba ya mafuta huishia mlangoni mwa kombe. Sauti nzito ya mchuzi unaotokota huzunguka mpaka kileleni. Akishajua lililo jikoni huenda mbio: "Mama mkubwa, maji yamekauka, mchele unatatarika." Hapo Bi Nyamizi huagiza makaa yapandishwe juu ya mfuniko, na huwa ndiyo saa yenyewe. Mimi nasema huo ni ufundi, na asiyeustaajabia ufundi huo hana la kustaajabia duniani.

Kalunde alikuwa wa kuonja. Alionja theluthi mbili za juu za sufuria, akaleta habari za chumvi, iliki na utamu wa kitunguu. Njia yake ilikuwa ya ajabu. Kutoka jikoni alipenya nyuma ya ile ngozi, akapita kati ya kijiti cha kwanza na cha pili vya Kulwa, bila kuvigusa, mjumbe wa ladha ndani ya chumba cha sauti. Tena makelele ya jikoni yakizidi, yeye ndiye aliyekishika kijiti cha tatu kisirukeruke, maji ya Kulwa yasije yakamwagika. Na ndiye huyohuyo aliyefungua na kufunga mapazia ya mlango wa mbele, akawachekea wageni. Mkamwana wa namna hiyo hupatikana kwa dua.

Theluthi ya chini ya sufuria, mahali uchungu unapokaa, ilikuwa ya Bi Wande, wifi yake Bi Nyamizi. Huyo hakupita ujiani. Alikuwa na mlango wake wa chini, uani, na alileta habari alipotaka, maana ulimi wake nao ulikuwa mkali. "Wifi, umekaa humo kama malkia, na huku pilipili manga imewashinda watu," husema, kisha huondoka zake.

Na Doto? Doto alikuwa kimya. Figa moja haliinjiki chungu, watu husema, lakini hata matatu yanaweza kukisaliti ardhi ikilainika. Ukingoni mwa sufuria, sambamba na kila figa, Doto alifunga kibakuli cha maji. Sufuria ikiinama hata unene wa ukucha, maji humwambia. Naye hupita ujiani, huweka kiganja chake juu ya kiganja cha mama yake mkubwa, hurudi. Kiganja kikilala sawa, sufuria imekaa sawa. Kikiegemea kushoto, Bi Nyamizi hupaza sauti, "Shindilieni figa la kushoto!" na wapishi hushindilia kabla wenyewe hawajaona kitu. Alikuja hata kama hakuna lililobadilika, kutwa nzima, tangu kuinjika mpaka kuipua. Bi Nyamizi alikwisha kusahau kwamba anakuja, kama wewe unavyosahau kwamba umesimama.

Nyumbani mule palikuwa na desturi. Shughuli ikiisha, ukoko wa sufuria, ule mkavu wenye mafuta ambao watu huugombea, ulikuwa haki ya wajumbe. Kulwa alipewa. Kalunde alipewa. Bi Wande alijichukulia. Doto alipewa akikumbukwa.

Ikaja arusi ya Siwema, mjukuu wake Bi Nyamizi, aliyemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki. Bi Nyamizi aliwapikia watu wote wa mji, na sasa anampikia damu yake. Hofu ikamwingia. Aliogopa mchele usitoshe. Aliogopa kusikia kwamba sufuria ya mjukuu wa Nyamizi imekauka wageni wakiwa bado na sahani mikononi. Tena hakuiamini ghala, maana ghala ina mikono mingi. Akaagiza gunia la kwanza la mchele liletwe lilazwe ujiani, upande wa Doto, hapo ambapo yeye mwenyewe ataweza kulifikia kwa fimbo na kujua lipo. Alilala vizuri baada ya hapo. Kwa hiyo akaagiza jingine, na jingine juu yake.

Hakuna aliyelalamika. Gunia la kwanza halikumzuia mtu; pacha walijibana tu, wakapita ubavu. Kulwa ndiye aliyeanza kuchelewa. Bi Nyamizi akapata habari ya mafuta baada ya vitunguu kuungua, na maneno yenyewe yalimfikia kwa mbali, yamekatikakatika. Badala yake akawa anasikia mvumo usiokoma, ambao haukutoka jikoni. Ulikuwa kanga ya pacha ikisuguana na magunia.

"Kulwa, umekuwa mzee kabla yangu?" akamuuliza.

Kulwa akainamisha kichwa. Mkubwa akikuuliza hivyo, huanzi kueleza.

Magunia yakaongezeka. Sasa hata Kalunde aliyekuwa akipita mbele akabanwa. Habari za chumvi zikakoma kuja, zikabaki za Bi Wande peke yake, na Bi Wande, kama kawaida yake, hakuona haja ya kuharakisha habari tamu. Pazia la upande mmoja wa mlango likabaki wazi mchana kutwa, vumbi likaingia. Wageni wa mwanzo walipofika walisema kwamba nyumba ya Bi Nyamizi siku hizi inacheka nusu. Maneno yakamfikia. Yalimuuma kuliko kupofuka.

Nawaambia alichofanya, kwa sababu ndicho tunachofanya wote. Hakuuliza njia imekuwaje. Aliwaza wajumbe wamekuwaje. Akasema hawa wamezoea, wamelewa ukoko, kazi yangu wanaifanya kwa mkono wa kushoto. Akaazimia arusi ikiisha awaondoe wote, alete wengine. Na mwanamke huyu hakuwa mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ikikaa na mtu muda mrefu huanza kujiita hekima.

Siku ya arusi sufuria kubwa ikainjikwa, mchuzi umejaa, moto umekolea. Wanawake wamelizunguka jiko, wengine wanachambua mchele, wengine wanaimba, na Siwema mwenyewe, ambaye kwa kuwa bi arusi hakupaswa kuonekana jikoni, amejiiba kuja kuonja nyama kidogo. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha ardhi chini ya figa la kushoto. Maji katika kibakuli yakainama. Doto akayaona, akaingia ujiani.

Hakupita. Magunia yalikuwa yamefika kifuani, na Kulwa na Kalunde walikuwa wamekwama katikati yake. Mle chumbani Bi Nyamizi alikaa na kiganja chake wazi gotini, kama kilivyokaa miaka yote, na kwa mara ya kwanza akahisi hakina kitu. Ndipo chumba kikaanza kumzunguka. Alikuwa ameketi, na bado alitafuta ukuta wa kushika. Hakujua sufuria iko wapi. Hakujua yeye mwenyewe yuko wapi. Alitapika mkekani pake, mpishi wa watu wote.

Doto akapanda juu ya magunia, akajikokota kati ya mchele na dari ya mawe, ngozi ya mabega ikabaki humo. Akaanguka ndani. Bi Nyamizi akasikia kishindo hafifu, akakemea, "Mmechoka na mimi, semeni tu mmechoka!" Na Doto, ambaye watu wengine wa nyumba ile hawakuwahi kuijua sauti yake, akasema:

"Hatujachoka, mama mkubwa. Tumebanwa."

Akaweka kiganja chake juu ya kile kiganja. Kiliegemea kushoto, sana, na Doto akamnong'oneza kwamba Siwema amesimama upande huo.

Bi Nyamizi akapiga ukelele ambao ulisikika jikoni bila mjumbe. "Figa la kushoto! Mtoeni Siwema!" Wakamvuta bi arusi kwa kanga yake, wakashindilia figa kwa jiwe na kwa miti, na sufuria ikarudi ikakaa. Mchuzi kidogo ulimwagika pale aliposimama Siwema, ukatoa moshi ardhini. Wanawake wakautazama.

Kisha Bi Nyamizi akanyoosha mkono wake ujiani. Akagusa gunia. Akagusa la juu yake, na la juu yake. Akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya wifi yake Bi Wande. Akaamuru magunia yatolewe, lakini polepole, moja moja, kwa mikono ya taratibu, kwa sababu Kulwa na Kalunde walikuwa bado wamo katikati, na atakayevuta kwa pupa atawavunja.

Kalunde alitoka akiwa na ganzi. Ilichukua muda, lakini alipona, na mlango wa mbele ukacheka wote tena. Doto alichechemea, kisha akazoea, na kiganja chake kikarudi kuwa sawa. Kulwa, aliyebanwa mapema na kunyamaza muda mrefu, hakupona. Tangu siku hiyo habari za jikoni zilimfikia Bi Nyamizi chache, za mbali, na sauti nyembamba ya mafuta hakuisikia tena mpaka kufa kwake. Akamweka Kulwa karibu yake, hakumwondoa. Pilau ya Siwema ililiwa ikatosha, na mchele ukabaki. Wageni walipokuja kumsifu, "Mashallah, mikono hiyo!" aliificha mikono yake chini ya kanga. Ukoko ulipoletwa akaagiza wa kwanza kupewa awe Doto.

Nyumba hiyo ya mawe mnaijua. Mmekuja nayo hapa, iko juu ya mabega yenu. Bi Nyamizi ni ubongo, unaokaa gizani ndani ya mfupa, haujawahi kusikia wala kuonja chochote kwa nafsi yake. Ujia ule upo nyuma ya sikio, mmoja kila upande, mwembamba kuliko kidole chako cha mwisho. Kulwa na Doto ni neva ya nane ya kichwa, yaani mshipa wa fahamu wa nane, nusu yake ya kusikia na nusu ya mizani ya mwili, wamevaa kanga moja. Kalunde ni neva ya saba, yenye ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi na tabasamu la uso, na kweli hupita nyuma ya ngoma ya sikio, kati ya vijifupa vyake. Bi Wande ni ya tisa, mwenye nyuma ya ulimi na koo. Na yale magunia ni uvimbe unaoota polepole ujiani humo, upande wa neva ya mizani. Aliyewapanga hivyo, wajumbe wengi katika upenyo mdogo, na kila mmoja asimzuie mwenzake, mimi nikimfikiria nanyamaza.

Lakini nimewasimulia watu wazima, na mtu mzima ana nyumba nyingine zaidi ya kichwa chake. Ana mke au mume, ana mtumishi, ana mtoto anayekuja kila siku kuweka kiganja juu ya kiganja chake na kurudi. Siku kiganja hicho kitakapochelewa, kabla hujauliza kwa nini amechoka, utanyoosha mkono kwanza ujiani ukapapase ni gunia gani umelilaza wewe mwenyewe?