Mama Aliyerudishwa Kitabuni

Haya wanangu, sogeeni. Na mwenye mtoto analia amnyonyeshe tu, si dhambi.

Kulikuwa na binti mmoja akijifunza kuandika hadithi za watu wa kale. Mwalimu wake akamwambia, "Habari za zamani zina matundu. Linalojulikana liache lilivyo. Penye tundu, shona kwa akili yako." Binti akaitikia, ndiyo mwalimu, lakini kichwani giza tupu. Tundu ni lipi, na nguo nzima ni ipi?

Alikuwa anaandika habari za bibi yake, mzaa baba. Mwaka wa njaa kubwa, bibi huyo angali mtoto wa kung'oka meno, mama yake alimwacha njia panda, akaokotwa na wapita njia. Mama hakurudi. Basi binti akifika hapo, kalamu inagoma. Anaandika, anafuta. Mama wa mtu umwandike hivyo? Mwisho akasema, labda tundu ndilo hili. Akashona: mama akarudi mbio, akakuta mtoto keshachukuliwa, akalia mpaka sauti ikakauka.

Akaenda kumsomea bibi, aliyekuwa akichambua maharage.

"Soma, mke mwenzangu, ila paza sauti. Masikio yangu yamezeeka kuliko mimi mwenyewe."

Akasoma. Alipofika pa mama kurudi, mikono ya bibi ikasimama juu ya ungo.

"Nani kakwambia alirudi?"

"Hakuna, Bibi. Nimemrudisha mimi. Nilitaka moyo wako upoe."

"Ulishapoa. Nilimsamehe nina mimba ya baba yako, kwa machozi, si kwa mchezo. Sasa wewe umemrudisha. Haya niambie, mimi nilimsamehe nini?"

Binti akazidi kuchanganyikiwa. "Sasa niandikeje, Bibi?"

"Andika aliondoka. Uandike na mgongo wake. Niliutazama mpaka ukaisha."

Na sisi je? Si ndio sisi tunaosimama msibani tukisema marehemu hakumkosea mtu, na mjane aliyekuwa akipigwa yuko pale mkekani anatutazama? Tunadhani ni upendo. Atasamehe nini, kama tumeshasema hakuna aliyemuumiza? Bwana wetu alifufuka, wanangu, na makovu hakuyaficha. Alisema njoo uguse.

Yuko mtu nyumbani kwako anangoja neno moja tu: "Ndiyo, ulitendewa vibaya." Nenda ukamwambie, kabla hujamwomba asamehe.