Moshi wa Nyumba Saba

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Sogeeni motoni. Hapo zamani za kale, ila si kale ya mbali sana, maana mabati ya kiwanda nitakachowatajia yangali yamesimama, palikuwa na kijiji kikiitwa Kiwandani. Kilikuwa na nyumba saba za makuti. Watu wake walisokota kamba za katani. Honi ya kiwanda ililia alfajiri, wakaenda kazini. Ikalia jioni, wakarudi wakapika.

Siku moja honi haikulia.

"Kwa nini, Bibi?" akauliza Tatu, mmoja wa watoto waliozunguka moto.

Mwenye kiwanda alifunga, akaenda zake. Siku ya pili honi haikulia. Siku ya tatu watu wakafunga mizigo.

Na watu wale walikuwa na desturi: anayehama huhama na mlango wake. Mlango ni mbao, na mbao hazipatikani bure. Akaondoka wa kwanza, mlango kichwani. Akaondoka wa pili, mlango kichwani. Wa mwisho alikuwa Kombo, mtoto wa Bi Mashavu.

"Mama, twende mjini."

"Mjini kuna nini?"

"Kuna watu."

"Hapa yupo baba yako kaburini. Nani atampalilia? Nenda, mwanangu."

Kombo akaenda, mlango kichwani. Bi Mashavu akabaki peke yake.

Asubuhi akawa anafagia, njia ikasema: "Bi Mashavu, nyayo ziko wapi?"

"Zimekwenda mjini."

"Sijachakaa, nimeachwa. Mimi hukanyagwa. Nisipokanyagwa, nyasi hunimeza."

Bi Mashavu akaguna. Akatembea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka miguu ikavimba. Alichoka, hakuchoka?

"Alichoka!"

Akaenda kisimani. Kisima kikasema: "Bi Mashavu, ndoo ziko wapi?"

"Zimekwenda mjini."

"Sijachakaa, nimeachwa. Mimi huchotwa. Nisipochotwa, matope hunijaa."

Akachota, akamwaga. Akachota, akamwaga. Siku hiyo wakafika kutoka mjini mabwana watatu wenye viatu vya kung'aa. Wakapiga picha, wakasimika kibao: *Karibu Kiwandani*. Wakaondoka.

"Wale wamekunywa?" kisima kikauliza.

"Wamekuja na maji yao ya chupa."

Watoto wakacheka. Bi Mashavu hakucheka. Aliinua ndoo, akachota tena. Alichoka, hakuchoka?

"Alichoka!"

Akarudi nyumbani. Akapita mbele ya nyumba ya Kombo, paa likasema: "Bi Mashavu, moshi uko wapi?"

"Umekwenda mjini."

"Sijachakaa, nimeachwa. Mimi hufukizwa. Nisipopata moshi, mchwa hunila."

Hilo alilijua. Makuti yanayopata moshi wa jiko hukaa miaka, yasiyopata huanguka. Basi akakusanya kuni. Akawasha jiko la Kombo, akawasha la jirani, akawasha la jirani wa jirani. Majiko saba asubuhi, majiko saba jioni.

"Alikuwa anapika nini huko kote?"

Hakupika kitu. Alipika kwake tu, tena muhogo. Kwingine alitoa moshi. Mvua ikanyesha, akawasha. Mgongo ukauma, akawasha. Alichoka, hakuchoka?

"Alichoka!" Sasa walisema polepole.

Muuza mkaa mmoja alipita mlimani, akauona moshi. Alipofika mjini akamwambia Kombo: "Kwenu kuna watu. Nyumba saba zote zinafuka."

Kombo aliishi na watu wanane chumba kimoja. Mlango wake haukuwa na pa kufungwa, watoto waliulalia sakafuni. Hata mtaro wa mtaa ule ulilalamika kila siku: "Mimi sijaachwa, nimezidiwa."

"Nani anapika nyumbani kwangu?" Kombo akafoka. Akashika fimbo, akaenda mbio mpaka Kiwandani. Akaingia kwake. Akamkuta mama yake amepiga magoti, anapuliza moto, masizi mpaka kwenye nyusi.

"Nani amevamia nyumba yangu?"

"Shikamoo umeiacha mjini?"

"Shikamoo, mama. Nani amevamia?"

"Mchwa. Na hiyo fimbo, kama umekuja kugombana, gombana na hizi kuni. Zimeloa."

Kombo akatazama nje, akahesabu moshi. "Zote saba, peke yako?"

"Zote saba. Na leo ndio mwisho. Mgongo umekataa. Kesho ukiona moshi, si wangu."

 Kombo akageuka na fimbo yake, akarudi mjini.

"Aaa!" Watoto wakaguna. "Akamwacha?"

Akamwacha. Bi Mashavu alilala siku mbili bila kuwasha jiko hata moja. Mchwa wakapanda ukutani. Siku ya tatu akasikia njia inasema: "Bi Mashavu, nyayo!" Akajikokota mpaka nje.

Akamwona Kombo, mlango kichwani. Nyuma yake mkewe na sufuria, na watoto na ndoo. Nyuma yao jirani, mlango kichwani. Nyuma yake jirani mwingine, mlango kichwani.

"Milango mitatu!" Tatu akasema. "Na ile mingine?"

Haikurudi. Nyumba za milango hiyo zilianguka masika yaliyofuata.

"Na hao watatu walikula nini?"

Katani ilikuwa bado shambani. Walisokota kamba kwa mikono, wakauza wenyewe. Hawakutajirika.

"Bi Mashavu alifurahi?"

Aliwatazama mmoja mmoja. Akasema: "Nani amekuja na kiberiti? Changu kimekwisha." Akaingia ndani, akalala.

Basi, wanangu, mahali hapafi kwa uzee. Mahali hufa watu wakiondoka wote, na huugua watu wakijazana wote. Wala mgongo mmoja hauwezi kuwashia kijiji kizima. Siku mkiondoka hapa, ondokeni, lakini mlango uacheni.

Hadithi yangu imefika mlangoni, na imeishia hapo. Haya, moto unazimika. Nani ataongeza kuni?

Watoto wakainuka wote, kila mmoja akashika ukuni.