Ukanda wa Kungumanga

Paka wa ndani, nje hana jina.

Wajukuu wa Bi Mwanamize waliyasikia maneno hayo kwa jirani walipotumwa chumvi, wakarudi nayo mdomoni kama ubuyu.

"Ndiyo nini hiyo, bibi? Paka ana jina gani?"

Bi Mwanamize alikuwa akisuka ukili wa mkeka. Alimaliza kwanza chane aliyoishika, kisha akawaambia wakae. Methali hii, alisema, ilianza hivi.

Zamani hapa Siyu aliishi msichana aitwaye Esha pamoja na bibi yake, Bi Barke. Kila asubuhi Esha aliketi juu ya mbuzi akakuna nazi, na kila asubuhi paka wao, Kungumanga, alikuja akalaza kichwa juu ya mguu wake wa kushoto, akangoja fungu lake. Hakulia wala hakuomba. Alingoja tu, kama mtu anayejua haki yake itafika. Paka huyo hakuwahi kutoka nje. Bi Barke alimlea tangu hajafumbua macho, na katika mji uliojaa paka wa vichochoroni alijivunia kuwa na paka asiyejua vumbi.

Asubuhi moja, nazi haijafika nusu, hodi ikapigwa.

Alikuwa Fumo, kijana fundi wa makubadhi ya ngozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango wao. Mkononi alishika ukanda mwembamba wa ngozi, umeshonwa kwa uzi mwekundu, na juu yake kibati cha shaba kilichogongwa maneno: Kungumanga, wa kwa Bi Barke.

"Nilibakiza ngozi kidogo," alisema, macho kwenye kizingiti. "Nikaona... ni wa paka."

Bi Barke aliugeuzageuza. "Kazi safi. Lakini paka wangu anakwenda wapi hata avae? Sokoni?"

"Najua hatoki, bibi. Lakini mlango si ukuta."

"Fumo, wewe ndiwe unayewashonea watu hirizi. Paka akionekana na ngozi shingoni watasema nini? Kesho mtoto wa mtu akiumwa tumbo, ni paka wa Barke."

Fumo akacheka, maana ilikuwa kweli. Mjini hapo ngozi ikishonwa ikavaliwa shingoni ilikuwa hirizi, haikuwa na kazi nyingine.

Esha alitaka kusema paka avishwe. Alitaka pia kusema jambo jingine, kwa kuwa aliutazama ule uzi mwekundu akaiona rangi ya mtandio wake mwenyewe. Lakini aliinama akakuna nazi mpaka kifuu kikalia. Fumo alipoondoka, aliuchukua ukanda akauweka chini ya mto wake.

Haukupita muda, shangazi zake wakafika kutoka Mombasa. Walileta posa ya kijana wa huko, mtu mwema asiyekuwa na kasoro ya kutajwa. Siku hiyo mlango haukufungwa. Majirani waliingia na masinia, wakatoka, wakaingia tena. Katikati ya vurugu hiyo shangazi mkubwa, Maimuna, alimwita Esha chumbani akamwuliza kama ameridhika.

Esha aliinamisha kichwa. Ulimi ulimlemea kama jiwe la kusagia.

"Kimya cha mwari ni ndiyo," alisema Maimuna, kwani ndivyo desturi isemavyo, akatoka akitabasamu. Bi Barke alimwambia asubiri. Jibu la nyumba yake angelitoa mwenyewe siku ya Ijumaa.

Jioni, wageni walipokwisha kwenda kulala kwa jamaa zao, Esha alikiona kisahani cha paka kimejaa kama alivyokiacha. Wakatazama uvunguni, darini, nyuma ya mapipa. Kungumanga hakuwapo.

Walimtafuta siku zilizofuata, na shida haikuwa kukosa paka. Shida ilikuwa kuwapata wengi mno. "Paka wa rangi ya kahawia, mwenye mistari," Bi Barke aliwaambia watu, nao wakamwonyesha paka wa kahawia wenye mistari juu ya kila ukuta. Hakuna jirani aliyepata kumwona Kungumanga mchana akamjua. Bibi alirudi nyumbani amechoka, na usiku Esha alimsikia akigeuka kitandani.

Siku ya Ijumaa asubuhi walimkuta. Alikuwa amelala juu ya mkeka kwa Bi Rukia, mwanamke wa karibu na kisima, mwenye mzaha na sauti ya kufika mbali.

"Huyo ni paka wangu," alisema Bi Barke.

"Huyu? Huyu ni Simba. Kaja mwenyewe, tukamlisha, tukampa jina."

"Anaitwa Kungumanga."

"Haya, mwite."

Bi Barke akamwita. Paka akafumbua jicho moja, akalifumba. Bi Rukia naye akaita, "Simba!" Hilo jicho halikufumbuka hata kidogo.

"Basi kumbe si wako wala si wangu," alisema Bi Rukia. "Ana alama gani?"

"Ana mistari."

"Barke, dada yangu, nitajie paka wa Siyu asiye na mistari."

Esha hakuweza kuvumilia. Aliiona mbuzi ya Bi Rukia imeegemezwa ukutani na kizio cha nazi kando. Bila neno akaiweka chini, akaketi, akaanza kukuna.

Paka aliinuka. Alijinyoosha, akaja polepole, akalaza kichwa juu ya mguu wake wa kushoto, akangoja.

"Mimi nakuna nazi hapa kila siku, hajainuka hata kwa heshima," alisema Bi Rukia. "Mchukueni. Lakini ungemvisha japo kamba, Barke, nisingemaliza dagaa wangu kwa mgeni."

Njiani Bi Barke alimbeba paka kifuani mpaka walipofika barabara ya kwao.

"Mimi nilidhani kumjua mimi kunatosha," alisema hatimaye. "Kumbe paka wa ndani, nje hana jina. Ule ukanda uko wapi?"

Esha akaenda kuutoa chini ya mto. Bi Barke aliona ulikotoka, hakuuliza. Alimvisha Kungumanga kwa mkono wake, akakisawazisha kibati.

"Waseme hirizi. Wakichoka watasoma." Kisha akaketi, mikono magotini. "Na wewe je? Leo ni Ijumaa. Shangazi yako anasema umekubali, kwa kuwa umenyamaza."

Esha alikitazama kile kibati. Ng'ambo ya barabara nyundo ya Fumo iligonga, ikatulia, ikagonga tena.

"Mimi nimekulea," bibi alisema taratibu. "Kimya chako humu ndani huenda nikakijua maana yake. Lakini huko nje, mwanangu, kila mtu atakipa jina lake, kama Rukia alivyomwita huyu Simba. Na mimi nisije nikajidanganya tena kwamba najua. Niwajibu nini?"

Paka alikuja akalala juu ya mguu wa kushoto wa Esha, ingawa hapakuwa na nazi.

"Waambie nawashukuru," Esha alisema, na sauti yake ikamshangaza kwa kutokuwa ndogo. "Waambie Mombasa siendi. Paka wa ndani, nje hana jina, bibi. Mimi namtaka Fumo."