Jina Moja Kwenye Gari la Mkunga

Hapo zamani, si ile ya mababu bali ya juzijuzi, magari ya gia otomatiki yalipokuwa bado mageni milimani Usangi, palikuwa na mkunga aitwaye Nakijwa. Alikuwa na gari moja, la kuwapandishia wajawazito hospitalini.

Siku moja gari likagoma mlimani. Dereva wake, Mbazi, akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari halisogei. Likashtuka, likasogea kidogo, likalegea tena. Mama aliyekuwa ndani akamalizia safari kwenye machela, Nakijwa kando yake roho mkononi. Na baada ya siku tisa alitarajiwa kujifungua mama mwingine, wa mapacha.

"Atakayeliponya," akasema Nakijwa, "jina lake nitaliandika kwenye kioo cha nyuma."

Akaja fundi Senkoro. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akatazama, akanusa.

"Inanuka kuungua. Tena oili hii huwa nyekundu, mbona hii kama chai ya rangi? Kuna kitu kimeingia humu."

"Kitu gani, Mzee Senkoro?" Nakijwa akasogea, naye akanusa.

"Hapo ndipo sijui. Tuishushe giaboksi, iende mjini. Mwezi mmoja hivi."

Nakijwa akahesabu kwa vidole siku zilizobaki. Ndipo Mbazi akasema, "Mama, msiishushe. Ni mimi. Niliona oili imepungua, nikaongeza ya injini. Nilidhani oili ni oili."

Nakijwa alimkasirikia sana.

Akaitwa Nambua, fundi wa kike kutoka bondeni. Akamwaga oili, akaosha chujio, akajaza oili yenyewe, ile nyekundu. Gari likagoma. Watu wakacheka.

"Ile ya injini nyingine bado imejificha ndani," akasema Nambua. "Haitoki kwa mara moja."

Akawasha, akapitisha gia zote, akamwaga tena, akajaza tena. Gari likashtuka. Watu wakacheka. Akamwaga mara ya tatu, akajaza mara ya tatu. Gari likaupanda mlima taratibu bila kishindo, na siku ya tisa mapacha wakazaliwa hospitalini, wazima wote wawili.

Mchoraji akaja na brashi. Kioo kilikuwa kidogo, jina moja tu.

"Nisingenusa mimi," akasema Senkoro, "mngekuwa mnabadilisha plagi mpaka leo."

"Kunusa hakukumwaga oili," akasema Nambua. "Mara tatu nimelala chini ya gari, mara mbili mkinicheka."

Mbazi akakohoa. "Niliyeliharibu ni mimi, sikatai. Lakini ningenyamaza, nani angejua? Giaboksi ingekuwa mjini, na mapacha wangezaliwa njiani."

Nakijwa akamtazama huyu, akamtazama yule. Mchoraji akachovya brashi, akauliza, "Niandike nani, mama?"

Haya, nyie mliokaa kimya muda wote huu, msaidieni mkunga. Je, nani alistahili?