Pimbi na Ukoo wa Wanene

Hadithi, hadithi?

– Hadithi njoo.

Ije na nini?

– Na uongo wake, na utamu wake.

Utamu uliisha tangu mvua zilipokatika. Leo inakuja na uongo peke yake, na mwenye njaa ataula hivyo hivyo. Niitikieni tena, wala msipige miayo. Hadithi?

– Ije hivyo hivyo.

Haya. Paliondokea kilima cha mawe huko nyikani, na kwenye kilima hicho aliishi Pimbi na mama yake. Mama mtu alikuwa mzee, meno yamekwisha, miguu imekwisha, kilichobaki ni macho na ulimi. Pimbi mwenyewe mnamjua. Mdogo, mnene, hana mkia, na ukimwona amekaa juu ya jiwe utadhani hana akili pia. Wengi walidhani hivyo.

Mwaka huo vuli haikunyesha. Masika nayo ikapita mbali, tukaisikia kwa wengine. Mto ukawa mchanga, mchanga ukawa vumbi. Katika nchi nzima maji yalibaki mahali pamoja tu, ndani ya mimea minene ya pale kilimani, ile inayojua kuweka maji mwilini siku za neema ili iishi nayo siku za dhiki.

Mimea hiyo Pimbi aliijua ukoo kwa ukoo, maana mama yake alimfundisha tangu ananyonya. Kulikuwa na mshubiri, anayependa miamba, majani yake mazito, maji yake machungu lakini hayaui. Kulikuwa na mkonge-pori, anayependa kivuli cha vichaka, amesimama kama mikuki, naye ni nyuzi tupu, maji yake ya kutafuta. Kulikuwa na mnyaa wa miiba, mrefu kama mti, mwenyeji wa nyika hiyo tangu iwe nyika. Maji yake ni meupe kama maziwa, na yanaunguza. Mwisho alikuwapo mpungate, mgeni. Huyo watu walimleta kutoka ng'ambo ya bahari awe ua wa shamba. Shamba likafa, watu wakahama, mpungate akabaki. Maji yake hayana rangi, na yanatuliza koo.

"Mama," Pimbi aliwahi kuuliza, "mbona mnyaa na mpungate wamefanana? Wote wanene, wote wana miiba, wote hawana majani."

"Wamefundishwa na kiu," mama yake akamjibu. "Huyu kiu ilimfundishia hapa, yule ilimfundishia kwao. Kufanana si kuzaliwa pamoja, mwanangu. Ukitaka kujua ukoo wa mmea, mchune uone damu yake."

Basi wakaishi. Mpaka siku moja wakasikia gudu, gudu, gudu. Mawe yakatikisika.

Alikuwa Nyati. Nyuma yake Tumbili, karani wake, ameshika kipande cha mkaa. Na nyuma ya Tumbili wanyama wote wa nyika wenye kiu, ndimi nje.

Nyati akapanda juu ya jiwe la baraza akasema, "Kuanzia leo kilima hiki ni changu."

Wanyama wakaitikia, "Ndiyo, Mzee."

"Kila mmea utaandikwa ukoo wake. Kila ukoo utapewa mwenyewe."

Wanyama wakaitikia, "Ndiyo, Mzee."

"Karani, andika."

Tumbili hakuchuna mmea hata mmoja. Miiba aliiogopa, na jua lilikuwa kali. Alisimama kivulini, akakunja jicho moja, akatazama, akaandika juu ya jiwe, kwaru, kwaru, kwaru. Kisha akasoma, "Ukoo wa kwanza ni wa wembamba na wenye majani. Hao ni wa wanyama wote. Ukoo wa pili ni wa wanene wenye miiba. Hao ni ndugu, baba mmoja mama mmoja, nao ni wa Mzee Nyati."

Wembamba wenyewe walikuwa kuni. Wanyama wakaitikia, "Ndiyo, Mzee." Nimewaambia walikuwa na kiu. Sikuwaambia walikuwa na aibu.

Lakini nyika hiyo ilikuwa na desturi moja, na hata Nyati aliiogopa. Mgeni hali cha mwenyeji mpaka mwenyeji ameonja kwanza mbele ya macho yake. Ndiyo kutoa uchawi. Usicheke, Mghoi. Jana nilipokupa uji ulinitazama mdomoni kwanza, ulidhani sikuoni?

Nyati akamwita Pimbi. "Wewe ndiye mwenyeji. Toa uchawi, nipate kula."

"Nitautoa, Mzee," Pimbi akasema. "Nitaonja mpungate, nawe ule mpungate. Lakini yule mrefu pale usimguse. Si ndugu yake. Damu yake ni sumu."

Nyati akamtazama mpungate. Kilikuwa kichaka kimoja tu. Akamtazama mnyaa. Alijaa kilima kizima, shina hadi shina, mnono.

"Unanificha mkubwa unipe mdogo," Nyati akasema. "Karani ameandika ni ndugu. Ukionja mmoja umeutolea uchawi ukoo mzima. Sema mbele ya watu, ndugu au si ndugu?"

"Si ndugu, Mzee. Na tafadhali, mama yangu yuko kwenye ufa wa jiwe, hana meno, hajanywa tangu juzi. Niruhusu nimpelekee kipande kimoja cha mpungate."

"Hakuna atakayekunywa kabla yangu. Utakaa hapa juani mpaka useme ni ndugu."

Wakamkalisha Pimbi juu ya lile jiwe la baraza. Jua likampiga, chwii. Wanyama wakakaa kivulini wakitazama. Ufa wa mama yake ulikuwa hatua ishirini kutoka pale, na katika hatua hizo ishirini alilala Nyati.

Siku ya kwanza Nyati akauliza, "Ndugu au si ndugu?"

"Si ndugu."

Kutoka kwenye ufa sauti ikasema, "Vizuri, mwanangu."

Siku ya pili Nyati akauliza, "Ndugu au si ndugu?"

"Si ndugu. Wamchune mmoja tu waone. Jamani, hakuna wa kumchuna?"

Kobe akatazama chini. Digidigi akakumbuka kwamba mguu wake unauma. Tumbili akasema kilichoandikwa kimeandikwa. Na kutoka kwenye ufa sauti ikasema, "Vizuri," lakini safari hii ilikuwa ndogo, na haikumalizia.

Siku ya tatu Pimbi akaita, "Mama." Akaita tena. Hakujibiwa. Hapo Pimbi akaacha kufikiri habari za mimea, akaanza kufikiri habari za Nyati.

Nyati akauliza, "Ndugu au si ndugu?"

Pimbi akainama mpaka pua ikagusa jiwe. "Ni ndugu, Mzee. Nilikuwa na choyo. Yule mrefu ndiye kaka mkubwa, ndiyo maana nilimficha."

"Nilijua," akasema Nyati.

"Ndiyo, Mzee," wakaitikia wanyama.

"Nimwonje yupi, Mzee?"

"Yeyote. Ukoo ni mmoja."

Pimbi akaenda kwa mpungate. Akang'oa miiba kwa meno, ng'e, ng'e, ng'e. Akachuna. Akala mbele ya macho yao wote, maji yakimchuruzika shingoni, kisha akafungua mdomo wauone. Ulimi mzima, koo zima. Hakula kwa raha. Kila tone alilomeza alijua lilikuwa la nani.

"Nimeutoa uchawi, Mzee. Karibu."

Na Nyati alivyo na pupa, hakuwasubiri hata waseme ndiyo. Alimrukia yule kaka mkubwa kwa pembe, vuu. Shina likapasuka. Akatia kichwa kizima ndani akatafuna, kwachu, kwachu. Maziwa yakaruka, chwaa, yakamwingia kinywani, yakamwingia puani, yakamwingia macho yote mawili.

Kwanza alinyamaza. Kisha nyika nzima ikamsikia.

Akakimbilia kulia, akagonga mwamba, gwii. Akakimbilia kushoto, akagonga mnyaa mwingine, akajimwagia tena. Akaita, "Karani, karani, niongoze." Karani alikuwa juu ya mti. Akakimbia mbele, na mbele palikuwa na korongo. Tukasikia mawe yakiteremka, yakateremka kwa muda mrefu. Kisha hatukusikia kitu.

Wanyama wakashangilia. Wakakimbilia mpungate, huyu akimkanyaga yule, wote sasa wakijua ni yupi wa kula bila kufundishwa na mtu. Pimbi alipenya katikati ya kwato zao akakata kipande kimoja. Akakichuna akikimbia. Miiba ikamwingia vidoleni, hakusimama kuitoa.

Akaingia kwenye ufa. Mama yake alikuwa amelala ubavu, uso kwenye mwanga, kama aliyekuwa akitazama kwenye jiwe la baraza. Pimbi akamfungua mdomo. Akakamua. Maji yakaingia, yakajaa, yakatokea pembeni yakashuka kidevuni, yakaishia ardhini. Akakamua tena. Yakatoka tena. Akakamua mpaka kipande kikawa ngozi tupu.

Jioni wanyama wakaja kumpa pole, matumbo yamejaa. Tumbili ndiye aliyeongea, maana alikuwa amezoea.

"Pole sana, Bi Pimbi. Mama amefariki siku njema. Ukweli umeshinda."

"Ukweli niliusema siku mbili juu ya jiwe lile," Pimbi akasema. "Nyote mlikuwa kivulini. Ulioshinda leo ni uongo. Niliusema mara moja tu, na hata jua halijafika kichwani ulikuwa umemaliza kazi. Ningeanza nao, mama yangu angekunywa."

Digidigi akakumbuka tena mguu wake.

Tumbili akakohoa. "Basi tumeonelea kile kilichoandikwa kwenye jiwe tukirekebishe, kwa heshima ya marehemu. Tukuandikie kwamba si ndugu. Watoto wetu wajue."

Pimbi akamfunika mama yake macho.

"Usifute kitu," akasema. "Acha ni ndugu."

"Lakini Bi Pimbi, wewe mwenyewe unajua si kweli."

"Najua. Watoto wenu walio wadogo wafundisheni nyumbani, kwa mdomo, wamchune waone damu. Lakini pale kwenye jiwe, acha. Wakubwa hawachuni. Wanasoma tu. Na mkubwa mwingine atakuja."

Wanyama wakatazamana. Halafu, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, wakaitikia, "Ndiyo, Mzee."

Ndipo Pimbi akalia, na hakulia kwa ajili ya mama yake tu.

Hadithi imefika ukingoni, nami nimefika nayo. Ikiwakaa vizuri ichukueni mkawape wengine, isipowakaa iacheni hapo mlangoni, mimi nitaifagia asubuhi.

Na mwalimu wenu akiwauliza inafundisha nini, msimjibu haya niliyosema. Simameni wima, mikono nyuma, mjibu hivi: Hadithi hii inatufundisha, wanafunzi wenzangu, kwamba kweli haichelewi, subira huvuta heri, na karani hakosei. Atawapigia makofi.